Kidonda kinywani na hofu ya saratani: usubiri, utafute daktari wa pili, uchukuliwe kinyama, au majibu yasomwe upya?

Watu wawili wanaweza kusema "nataka maoni ya daktari mwingine" na wakawa hawatafuti kitu kimoja. Wa kwanza ana kidonda pembeni mwa ulimi. Daktari amekitazama, akasema ni jino tu limemkwaruza, aende nyumbani. Hajaridhika. Wa pili ameshachukuliwa kinyama (kipande kidogo cha kidonda kilichokatwa ili kipimwe maabara), majibu yametoka na neno la kutisha, naye anatafuta wa kumwambia kwamba maabara imekosea. Huyu wa pili akienda kwa daktari mpya ili atazamwe tu, hatapata jipya: atamulikwa tochi, kidonda kitaonekana, na daktari hatakuwa na la kusema kuishinda hadubini. Wa kwanza naye hana hata slaidi, yaani kioo chenye kinyama kilichokatwa vipande vyembamba, ya kusomwa upya.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua njia, jiulize shaka yako imekaa wapi. Iko kwenye jicho la aliyekutazama? Kwenye kinyama kilichochukuliwa? Kwa aliyekisoma? Au kwenye matibabu uliyopangiwa? Kila shaka ina njia yake, na njia hizo ndizo ninazozilinganisha hapa.

Kwanza, yasiyo na mjadala

Vidonda vingi vya kinywani si saratani. Kile kidonda kidogo kinachouma, cheupe au cha manjano katikati na chenye duara jekundu, kwa kawaida hupona ndani ya wiki 1 hadi 2. Saratani ya kinywa haiponi kwa ratiba hiyo, na mwanzoni mara nyingi haiumi. Hapo ndipo inapowapata watu: mtu hukimbilia hospitali kwa kidonda kinachomnyima usingizi, kisha akakaa miezi na kile kisichomsumbua. Mwaka 2022 duniani kote walikadiriwa wagonjwa wapya wapatao 390,000 wa saratani ya midomo na kinywa, na vifo karibu 188,000. Wengi hugundulika wakiwa wamechelewa, ingawa kinywa ni sehemu ambayo mtu anaweza kuitazama kwa kioo na tochi.

Tumbaku ya aina zote, ya kuvuta na ya kutafuna, pombe, na popoo (iwe peke yake au ndani ya tambuu) ndizo sababu kubwa. Tumbaku na pombe vikikutana, hatari huongezeka kuliko ukijumlisha kimoja kimoja. Lakini kutotumia chochote kati ya hivyo hakukupi kinga kamili. Wapo wanaougua bila kuwahi kugusa sigara.

Halafu kuna dalili zisizosubiri hata wiki moja: doa jekundu laini kama mahameli lisilo na sababu, ganzi kwenye mdomo wa chini au ulimi, jino linalolegea bila ugonjwa wa fizi, tundu la jino lililong'olewa linalokataa kufunga, uvimbe mgumu shingoni, ulimi unaokuwa mzito kusogea, kidonda chenye kingo ngumu zilizoinuka. Ukiwa na mojawapo, sehemu ya kusubiri hapa chini haikuhusu.

Vigezo

Kila njia nimeiuliza maswali manne: inajibu swali gani, inachukua muda gani, inaweza kukosea wapi, na inamfaa nani. Utulivu wa moyo nimeuacha nje kwa makusudi. Kila njia hutuliza, hata iliyo mbaya, na mtu aliyetulizwa vibaya yuko hatarini kuliko mwenye wasiwasi.

Njia ya 1: Kusubiri kwa tarehe maalumu

*Inajibu nini.* Je, kidonda hiki kina sababu ya kawaida, na sababu ikiondoka nacho kitaondoka? Ndiyo maana kusubiri bila kuondoa sababu hakukupi jibu lolote. Jino kali lisawazishwe. Meno ya bandia yanayobana yarekebishwe, au yavuliwe muda wote usipokula. Piga picha siku ya kwanza kwenye mwanga mzuri, uweke kijiti cha pamba kando ya kidonda ili kipimo chake kionekane. Baada ya hapo usikitonoe, usikiunguze. Wapo wanaokandamiza kidonge cha aspirini juu ya kidonda wakidhani wanatibu. Aspirini huunguza utando wa kinywa na kuacha weupe, na daktari atakayekuja kutazama atashindwa kujua kilichokuwapo mwanzo.

*Muda.* Wiki 2. Mwongozo wa Uingereza unataja kidonda kisicho na maelezo kilichozidi wiki 3 kuwa sababu ya rufaa ya haraka, lakini wiki 2 ndiyo hesabu inayotumika kwa wengi na ni salama zaidi kuishika. Andika tarehe ya mwisho siku ile ile unapoanza.

*Inakosea wapi.* Hukosea pale wiki mbili zinapogeuka miezi miwili. Hukosea pia kwa neno "kinapungua". Kupungua si kupona. Kidonda ama kimefunga au hakijafunga. Na ukipewa dawa ya kupaka inayotuliza uvimbe, au antibiotiki ya pili na ya tatu kwa kidonda kile kile, hapo husubiri tena. Unacheleweshwa.

*Inamfaa nani.* Mwenye kidonda kipya chenye sababu inayoonekana, asiye na dalili hata moja kati ya nilizozitaja juu.

Njia ya 2: Jicho la pili

*Inajibu nini.* Maswali mawili tu: hiki ni kitu au ni umbile langu? Na kama ni kitu, kinahitaji kuchukuliwa kinyama?

Swali la kwanza halina aibu. Watu wengi huanza kujikagua wakiwa na hofu na kukuta vitu walivyozaliwa navyo. Nyuma kabisa pembeni mwa ulimi kuna mikunjo myekundu iliyosimama wima ambayo humtisha mtu anapoiona mara ya kwanza; mara nyingi ukitazama upande wa pili utaikuta pacha yake. Katikati ya kaakaa, wengine wana nundu ngumu ya mfupa isiyo na madhara. Ndani ya mashavu kunaweza kuwa na vipele vidogo vya manjano ambavyo ni tezi za mafuta tu, na mstari mweupe unaofuata meno yanapokutana. Daktari mzoefu wa kinywa huyamaliza haya kwa dakika chache.

Nani akutazame? Kama wa kwanza alikuwa daktari wa kawaida, daktari wa meno ni hatua mbele. Kama wa kwanza alikuwa daktari wa meno, wa pili awe bingwa wa magonjwa ya kinywa, wa upasuaji wa kinywa na taya, au wa pua, masikio na koo. Kumtafuta mwingine wa ngazi ile ile kunasaidia kidogo tu.

Namna unavyokaguliwa ina uzito kuliko cheo. Ukaguzi kamili unaujua ukiuona. Meno ya bandia yanavuliwa. Ulimi unafutwa kwa kitambaa cha shashi, unashikwa na kuvutwa upande mmoja, kisha mwingine, ili kingo za nyuma zionekane. Unaambiwa uunyanyue, chini yake patazamwe. Kidole kimoja kinaingia chini ya ulimi huku vidole vya mkono mwingine vikisukuma kutoka chini ya kidevu, vikitafuta ugumu katikati. Mwisho ni shingo, pande zote mbili. Aliyemulika tochi tu akasema "sioni kitu" hajakukagua. Hayo bado si maoni ya kwanza.

*Muda.* Siku chache hadi wiki kadhaa, kutegemea foleni ya mabingwa. Muda huu usiwe wa kukaa bure: omba rufaa iandikwe kuwa ya haraka, na itaje kidonda kina wiki ngapi.

*Inakosea wapi.* Jicho halitambui saratani; linashuku tu. Madoa mawili meupe yanaweza kufanana kabisa, moja likawa gozi lililonenepa kwa kukwaruzwa, jingine likawa na seli zilizoanza kuharibika. Kwa hiyo madaktari wawili wakikubaliana kwa macho, bado wote wanaweza kukosea. Mtego mbaya zaidi ni kuzunguka kwa madaktari mpaka apatikane mmoja wa kusema "huna kitu", kisha huyo ndiye anaaminiwa. Dawa yake ni ndogo: mweleze daktari mpya historia yako yote, muda, tumbaku, pombe, dawa unazotumia, na umwonyeshe picha zenye tarehe. Alichosema mwenzake usimwambie mpaka amalize kukagua.

Vipo vifaa na mbinu ambavyo pengine utaelezwa kuwa vinaokoa kisu: taa maalumu zinazofanya utando ung'ae, rangi ya buluu ya kupaka, brashi ya kukwangua seli. Mwongozo wa mwaka 2017 wa Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani uko wazi kwamba hivi havichukui nafasi ya kinyama pale kidonda kinaposhukiwa. Brashi ina nafasi kwa anayekataa kukatwa au aliye mbali na bingwa, na ikionyesha tatizo bado atakatwa. Picha ya simu kwa daktari aliye mbali husaidia kuamua uharaka wa rufaa. Ila picha haipapaswi, na ugumu chini ya kidonda hausikiki kwa kamera.

*Inamfaa nani.* Aliyeambiwa "hakuna kitu" baada ya ukaguzi wa juu juu. Anayehofia umbile asilolijua. Na mwenye kidonda kilichovuka wiki 2 ambaye wa kwanza anaendelea kumwambia asubiri.

Njia ya 3: Kuchukuliwa kinyama (biopsi)

*Inajibu nini.* Swali lenyewe: ni saratani au siyo, na kama siyo, ni nini? Hakuna njia nyingine hapa inayolijibu.

*Muda.* Kwa kidonda kinachofikika kirahisi kazi ni fupi: sindano ya ganzi, kipande cha milimita chache, uzi mmoja au miwili, kichupa cha formalini (dawa ya kukihifadhi kisioze). Utaumwa siku kadhaa ganzi ikiisha. Majibu ni siku chache hadi wiki mbili au zaidi, kutegemea maabara. Uliza utaitwa na nani na lini, na tarehe ikipita ufuatilie mwenyewe. "Hawajanipigia" haina maana ya "ni salama".

Kuna woga kwamba saratani ikiguswa na kisu inasambaa, na unawarudisha wengi nyumbani. Hakuna ushahidi wa kuridhisha kwamba kuchukua kinyama kwenye kidonda cha kinywani huisambaza saratani mwilini. Kuchelewa ndiko kunakojulikana kudhuru.

*Inakosea wapi.* Mahali kilipochukuliwa. Katikati ya kidonda mara nyingi kuna seli zilizokufa zisizosema kitu. Kinyama kizuri hutoka kwenye ukingo, penye hali mbaya zaidi. Doa kubwa lenye weupe na wekundu likikatwa upande mweupe, kilichojificha kwenye wekundu kinaweza kukosekana. Saratani ya aina inayoota kama sugu au chunjua huhitaji kipande chenye kina, kwa sababu juu inaweza kuonekana safi. Ndiyo maana majibu mazuri kwenye kidonda kibaya hayafungi mjadala. Kidonda kisipopona, kinyama kinachukuliwa tena, wala hapo humkosei mtu adabu.

Swali moja la kuuliza kabla ganzi haijaingia: "Daktari, unachukua kipande au unakiondoa chote?" Kidonda kinachoshukiwa sana kikiondolewa chote na mtu ambaye siye atakayekutibu, mpasuaji atakayefuata hataona mipaka yake ilikuwa wapi. Kwa hali hiyo kipande kwanza ni bora. Kama unatumia dawa za kulainisha damu, sema mapema, lakini usiache kuzimeza kwa uamuzi wako.

*Inamfaa nani.* Kidonda kilichovuka wiki 2 bila maelezo. Doa jekundu, au jekundu na jeupe, la umri wowote wa mgonjwa. Doa jeupe lisilofutika ambalo halikuondoka baada ya sababu kuondolewa. Na yule ambaye madaktari wawili wamempa majibu mawili: wa tatu wa kuamua si daktari tena, ni kinyama.

Njia ya 4: Slaidi kusomwa upya

Njia hii watu wengi hawajui ipo. Kinyama chako hakitupwi baada ya majibu. Hugandishwa ndani ya bloku ndogo ya nta, vipande vyembamba mno hukatwa na kuwekwa kwenye slaidi, na bloku huhifadhiwa kwa miaka. Una haki ya kuomba vitazamwe na mtaalamu mwingine wa patholojia (daktari anayesoma vinyama kwa hadubini), hasa aliyebobea kwenye kinywa au kichwa na shingo, bila kukatwa tena.

*Inajibu nini.* Je, kilichosomwa kimesomwa sawasawa?

*Muda.* Siku kadhaa hadi wiki chache, sehemu kubwa ikiwa ni usafirishaji. Omba nakala ya ripoti, slaidi, na bloku yenyewe ikiwezekana, kwani bloku humwezesha msomaji mpya kukata vipande vipya na kuongeza vipimo.

*Inakosea wapi.* Inasoma kinyama kile kile. Kama kilichukuliwa mahali pabaya, msomaji wa pili atakubaliana na wa kwanza kwa usahihi kabisa na wote watakuwa wamekosa ugonjwa.

*Inamfaa nani.* Zaidi ya wote, aliyeambiwa seli zake "zimeanza kubadilika" lakini bado si saratani. Mabadiliko hayo hupangwa kuwa hafifu, ya kati au makali, na inajulikana vyema kwamba wataalamu hutofautiana katika kuyapanga. Hata mtu mmoja akisoma slaidi ile ile siku nyingine anaweza kubadili daraja. Kati ya "hafifu" na "makali" kuna tofauti ya kufuatiliwa na kupasuliwa. Inamfaa pia mwenye jibu la saratani adimu, kama za tezi za mate. Na kuna kidonda kimoja cha kaakaa, kinachotokana na tezi ndogo za mate kukosa damu, ambacho hufanana na saratani kwa macho na kinaweza kumhadaa hata msomaji wa hadubini, kumbe hupona chenyewe kwa wiki kadhaa. Ni nadra. Lakini kukatwa kaakaa kwa ajili yake ni hasara isiyorudi.

Njia ya 5: Maoni ya pili kuhusu matibabu

*Inajibu nini.* Ugonjwa umekubalika. Je, mpango ndio unaofaa? Kwa saratani ya kinywa chenyewe upasuaji ndio huanza mara nyingi, mionzi ikifuata inapohitajika. Mjadala huwa kwenye ukubwa wa upasuaji na kwenye shingo. Jaribio la Hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai, lililochapishwa mwaka 2015, lililinganisha wagonjwa wa saratani ya mapema walioondolewa tezi za shingo papo hapo na waliosubiri mpaka tezi zivimbe: baada ya miaka 3, asilimia 80 ya kundi la kwanza walikuwa hai, dhidi ya asilimia 67.5 ya kundi la pili. Kwa hiyo swali la shingo ni halali kuliuliza hata kama hupapasi uvimbe wowote. Lingine ni kina: saratani imezama milimita ngapi? Tangu toleo la nane la mfumo wa Marekani wa kupanga hatua za saratani, kina hicho kinahesabika pamoja na upana wa kidonda.

*Muda.* Wiki moja au mbili huwa zinavumilika. Omba tarehe ya upasuaji ibaki ilipo huku ukitafuta maoni.

*Inakosea wapi.* Unaweza kurudi na mipango miwili iliyo sahihi na usijue uchague upi. Jopo la mpasuaji, mtaalamu wa mionzi na mtaalamu wa patholojia waliokaa pamoja hupunguza tatizo hili kuliko daktari mmoja mmoja.

*Inamfaa nani.* Aliyependekezewa upasuaji mkubwa wa ulimi au taya, au aliyepewa mpango na daktari mmoja pasipo jopo.

Kwa hali yako

Kidonda kina siku 5, na jino lenye ncha liko pale pale: jino lisawazishwe, tarehe iandikwe, usubiri.

Kina wiki 3 au 4 na umeambiwa usubiri tena: nenda kwa bingwa, umwombe aamue kuhusu kinyama siku hiyo hiyo. Kama una bingwa mmoja tu karibu na yuko tayari kukata, usimruke ili utafute jicho jingine kwanza.

Umekaguliwa vizuri na mabingwa wawili, wote wanasema ni umbile la kawaida, lakini bado unajitazama kwenye kioo mara kumi kwa siku: daktari wa tatu wa kinywa hatakusaidia. Omba tarehe moja ya kurudi kukaguliwa, acha kujikagua katikati, na hofu yenyewe izungumze na mtu wa afya ya akili. Nayo inatibika.

Majibu ya kinyama ni mazuri na kidonda bado kipo: kinyama kingine, kutoka mahali pengine. Slaidi peke yake haitoshi.

Majibu yanasema mabadiliko ya kati au makali: slaidi zisomwe upya, na wakati huohuo ubaki kwenye orodha ya mpasuaji.

Majibu yanasema saratani, na kidonda kinalingana nayo kwa macho na kwa kupapasa: usitumie nguvu zako kuthibitisha upya jina la ugonjwa. Tumia wiki hizo kwenye njia ya 5, ukiwa na ripoti, picha za CT au MRI na slaidi mkononi siku ya kwanza unapoingia kwa daktari mpya, maana bila hivyo atakupa miadi nyingine tu.